Mwarobaini wa Mlangoni kwa Hirsi

Galbet, Garissa
24 Februari 1997

Kwa Abti Hirsi,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Barua hii ikukute ngamia wamekunywa na wewe umekula, maana najua kwako wao hutangulia. Sisi tumefunga Ramadhani salama na Idd tumeila. Mama anakusalimu. Goti bado linamsumbua dada yako, na bado anakataa fimbo. Anasema fimbo ni ya wachungaji na wazee, na yeye si mmoja wao. Mwanangu Sabirin ameng'oka meno ya mbele, sasa anazungumza kwa upepo mtupu na hataki kuchekwa.

Sasa kaa chini, abti.

Siku chache baada ya Idd mtu mmoja kule chini karibu na mto alikuwa akichoma mabua ya mahindi asafishe shamba. Upepo ukageuka. Nyasi unazijua zinavyokuwa mwezi wa pili. Moto ukapanda mpaka barabara yetu kabla watu hawajamaliza kuulizana ni moshi wa nini. Alhamdulillahi, hakufa mtu, na vilivyoshika ni vibanda viwili vitatu vya makuti. Lakini miarobaini, abti! Ile safu yote uliyoipanda ulipokuwa ukifanya kazi kwenye kitalu cha miche, toka msikitini hadi kisimani, imeungua.

Na usidhani ni nyasi zilizoiunguza. Ni miiba yetu wenyewe. Unakumbuka tunavyozungushia kila mti boma la miiba wakati wa kiangazi ili mbuzi wasibandue magome. Kila mwaka tunaleta mipya, ya zamani hatuitoi, tunarundika tu juu yake. Tuliogopa meno ya mbuzi tukasahau kiberiti. Moto ulipofika ulikuta kila mti umekaa ndani ya jiko lake.

Wa mlangoni kwako umeungua kuliko yote. Nyumba imefungwa tangu uende, hakukuwa na mtu wa kutoka na ndoo.

Wakubwa wa mji wanataka kung'oa safu nzima visije vigogo vikaangukia watoto wa shule. Kuna afisa mpya wa misitu, binti wa Wajir aitwaye Qali, amewaomba wasubiri kwanza. Wewe ndiwe uliyeipanda. Tufanye nini?

Mpwa wako,
Hasna


Takaba
26 Machi 1997

Kwa Abti Hasna,

Waaleikum salaam. Barua yako imeletwa na Abdow, dereva wa lori la mifugo, ikiwa na harufu ya ng'ombe, kwa hiyo niliipenda kabla sijaifungua. Mwalimu mmoja wa kutoka bara aliyekuwa hapa dukani alishangaa kuniona naandika "abti" kwa mtu anayeniita mimi abti. Nikamwambia kwetu mjomba na mpwa wanagawana jina moja, hakuna wa kulinunua.

Huku ukame umetukalia kifuani. Ngamia wawili wamekwenda. Waliobaki wananiangalia kana kwamba mvua naificha mimi mfukoni. Mwambie dada yangu Weris fimbo si aibu, mimi ninayo na bado nina sura nzuri.

Sasa sikiliza. Mwarobaini ni mti mkaidi, haufi kwa mara moja. Chukueni kisu, mkwangue gome chini kabisa karibu na ardhi. Mkiona kijani, mti uko hai. Mkiona kahawia, kwangueni upande wa pili kabla ya kukata tamaa. Ulio hai ukatwe juu kidogo ya pale kijani kinapoanza, na kidonda kipakwe udongo mbichi jua lisikikaushe. Utatoa machipukizi mengi kama watoto wa jirani. Acheni moja lenye nguvu, mengine ondoeni.

Ule wa msikitini uangalieni sana, uliwahi kupigwa na lori la mchanga. Wa kisimani una mizizi mizuri, huo hauna neno. Wa mbele ya duka la Bare nilikuwa nikimwambia asimwage mafuta ya taa pale, sijui kama alisikia. Halafu mkimaliza, zungusheni miiba mipya. Msibishane na mimi juu ya miiba.

Nisalimie mtaa wote.

Hirsi


Galbet, Garissa
2 Mei 1997

Kwa Abti Hirsi,

Salaam nyingi, na pole kwa ngamia. Mama alipoisikia habari hiyo alisema ngamia wa kaka yake hufa kwa kuchoshwa na hadithi zake. Ndivyo anavyolia, unamjua. Sisi tumepata mvua ya gu, yaani masika, kidogo tu, ilipita kama mgeni mwenye safari ndefu. Shule imefunguliwa na darasa langu limejaa hadi dirishani.

Tumekwangua. Qali alikuja na kisu chake mwenyewe, na mambo yote uliyoandika alikwisha kuyaandaa, hata udongo. Ule wa msikitini una kijani. Wa kisimani una kijani. Wa Bare, pamoja na mafuta yake ya taa, una kijani kuliko yote, na sasa anatembea kama yeye ndiye aliyeuzaa. Tumeikata yote, tumeipaka udongo, na mvua ile kidogo ilitosha kuichipusha. Nilisimama barabarani nikalia mbele ya wanafunzi wangu, wallahi.

Lakini miiba Qali ameikataa katakata. Alisema, "Mkileta miiba tena, leteni na kiberiti kabisa, msinisumbue mara mbili." Najua utakasirika. Mimi namwunga mkono. Tatizo ni mbuzi. Nani alisema mbuzi hali kitu kichungu? Mbuzi wa Galbet hula hata katoni. Machipukizi yaliyotoka asubuhi, adhuhuri hayapo. Kisiki kikiliwa hivyo mara kwa mara kitachoka, na wakubwa wa mji wanahesabu.

Sasa, abti. Uliniuliza habari za kila mti isipokuwa mmoja. Hukuuliza, nami nakuambia. Wa mlangoni kwako tumeukwangua pande zote, na ni kahawia. Qali aliinama pale muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Wakubwa wa mji wamesema kisiki kisichochipua hadi mvua za deyr za mwezi wa kumi kitang'olewa, na mahali pake atapewa mtu wa kibanda. Bare ameshaomba pa kwako. Wewe ndiye mwenye nyumba. Ukisema usubiriwe, watasikiliza. Usiposema neno, watauchukua.

Nijibu hilo, hata kama mengine hutajibu.

Hasna


Takaba
28 Juni 1997

Kwa Abti Hasna,

Nakusalimu wewe, na Weris, na asiye na meno. Mvua kidogo imefika huku pia, majani yameota, na mimi nimenenepa mashavu. Habari ya miarobaini imenifurahisha. Habari ya miiba haikunifurahisha, lakini niko mbali, na aliye mbali hana kauli.

Nikueleze taabu yangu. Nina mwana-mbuzi hapa, dume zima, pembe zimeshatoka, na bado ananyonya. Anapiga magoti chini ya mama yake bila haya, kama mzee anayerudi chekechea. Mama yake amekonda, na mimi chai yangu nainywa nyeusi. Nikamfunga, akakata kamba. Nikamtenga, akalia hadi majirani wakaja kuuliza kama kuna msiba. Mwisho nikafanya kama bibi zetu: nikachukua mavi ya mama yake, nikakoroga na maji, nikapaka kiwele chote mpaka kwenye chuchu. Akaja mbio, akanusa, akapiga chafya, akaniangalia kama mtu aliyedhulumiwa. Tangu hapo anakula majani kama wenzake. Naye hanisalimii tena.

Basi ndiyo maisha ya mtu wa Takaba. Bare mpe salamu zangu.

Kuhusu lile jambo la mwisho, sina la kusema.

Hirsi


Galbet, Garissa
17 Agosti 1997

Kwa Abti Hirsi,

Assalaam aleikum. Kwanza nilikasirika. Kurasa mbili za mbuzi, na mstari mmoja wa jambo nililokuomba! Nilitaka kuichana barua. Mama akasema nimsomee kwanza, halafu nichane.

Nikamsomea. Alicheka hadi goti likampona. Nilipofika pale mwana-mbuzi alipopiga chafya, akaacha kucheka ghafla. Akasema, "Hasna, kwani jani lina tofauti gani na chuchu?"

Abti, sijui kwa nini hatukuwaza. Sote humu Galbet tumeachisha wana-mbuzi kwa namna hiyo tangu tulipojua kutembea, lakini ule ulikuwa utaalamu wa zizi, na mti ulikuwa kitu cha mjini. Kesho yake mama alikaa kwenye kiti mbele ya msikiti na beseni la mavi ya mbuzi yaliyokorogwa, na wanawake wa mtaa wakapaka kila chipukizi kwa ufagio. Mbuzi wakaja kama kawaida yao. Wakanusa. Ningetamani uwaone! Walisimama barabarani wakitazamana kama wageni walioalikwa wakakuta mlango umefungwa.

Mtaa unanuka, sikufichi. Watu wa sokoni wanapita upande wa pili. Mvua ikinyesha kidogo tunapaka upya. Sabirin amekataa kunishika mkono akiniamkia. Qali alikuja ameziba pua, akatazama, akatoa mkono puani akacheka, na sasa amewapelekea mitaa mingine habari hiyo. Anasema ikifanikiwa mpaka deyr, safu yote itabaki. Machipukizi ya kisimani yamefika kiunoni mwangu. Nilikuwa na hofu, sasa nina furaha, na nataka ujue furaha hii ilitoka kwenye barua yako hata kama hukukusudia.

Lakini kisiki cha mlangoni kwako hakina kitu cha kupaka. Kimya kingi kina mshindo mkuu, ndivyo wasemavyo. Cha kwako mimi nasikia kimya tu. Bare si mtu mbaya, anataka kibanda cha soda na kivuli cha wenzake. Nimemzuia kwa maneno yangu mwenyewe, na maneno yangu yamekwisha. Mimi ni mwalimu, si mwenye nyumba.

Nakuuliza, abti, na unijibu kwa neno moja tu: ung'olewe au usubiriwe?

Hasna


Takaba
5 Oktoba 1997

Kwa Abti Hasna,

Usubiriwe.

Ulitaka neno moja, hilo hapo. Sasa nikikuandikia zaidi usinikatize.

Mti ule niliupanda mimi, lakini aliyeukuza ni Nurto. Mke wangu hakupitisha siku bila kumwaga maji ya vyombo pale. Nilikuwa nikimwambia sabuni itauua, naye akisema mti wa Hirsi umezoea makali. Alipougua nilikuwa njiani na mifugo, upande wa Mandera. Wewe ulikuwapo, unajua. Nilipofika alikuwa ameshazikwa, na ndivyo inavyopasa, maiti hasubiri. Nilishuka kwenye lori, nikakuta ardhi chini ya mti imelowa. Mtu mmoja kati yenu alikuwa ameshaumwagilia asubuhi ile, kwa wema tu. Mimi nikadhani ni yeye. Kwa kitambo kile kidogo, Hasna, nilidhani yuko ndani.

Ndiyo maana nilifunga nyumba. Watu walisema nimefuata ngamia. Niliwaacha waseme.

Niliposoma kwamba umeungua nilijiambia afadhali, sasa hakuna cha kurudia. Nimesema hivyo miezi mingi na sijaamini hata siku moja. Namtamani mke wangu. Natamani kukaa pale.

Mwonyeshe Bare barua hii mpaka mstari wa kwanza. Yaliyobaki ni yako na Weris.

Hirsi


Galbet, Garissa
20 Januari 1998

Kwa Abti Hirsi,

Salaam kutoka kwa watu waliolowa. Barua yako ilitufikia mwishoni mwa Oktoba, ikiwa imelala njiani kwenye kila daraja lililovunjika. Sasa tuko katika Ramadhani na mvua haijui kwamba watu wamechoka. Mto umeingia mashambani, barabara ya Nairobi imekatika, sukari imekuwa hadithi. Mifugo inakufa kwa ugonjwa, nyama tumekatazwa, tunafuturu kwa maharagwe. Lakini sote tupo. Mama amekubali fimbo, kwa sababu ya matope tu, anasema.

Mama aliisikiliza barua yako akiwa ameelekea ukutani. Maji ya asubuhi ile aliyamwaga yeye. Alikuwa hajui umeyaona. Anakuomba radhi, nami nimemwambia hakuna la kuombewa radhi.

Safu imepona, abti. Wakubwa wa mji walikuja kabla ya mvua kubwa, wakaitazama, wakaandika kwamba haitaguswa. Mti wa kisimani umenipita kimo.

Nimechelewa kukuandikia kwa sababu ya huo mwingine. Bare alikubali kusubiri, tena aliona haya. Tulisubiri. Mvua iliponyesha nilikwenda kuutazama kila siku nikitoka shule. Haukuchipua. Mwezi wa kumi na moja, ardhi ilipokuwa uji, kisiki kililala chenyewe. Niliogopa kukuandikia baada ya yale uliyonieleza. Niliona bora barabara imekatika.

Juzi ukuta wa uwanja wako, ule wa udongo, umebomoka upande wa barabara. Nikachungulia palipobomoka. Ndani, karibu kabisa na ukuta, pameota machipukizi ya mwarobaini. Nikamwita Qali. Amesema mizizi ilikuwa imepita chini ya ukuta kitambo, na moto haukufika huko. Shina lilikufa, mzizi haukufa. Haikuwa mbegu, alichimba kidogo kwa kidole akanionyesha.

Mimi sikuingia. Ni nyumba yako na ya Nurto. Nimeziba kwa bati ili mbuzi wasipite, lakini bati na upepo huu havitapatana muda mrefu. Na machipukizi ni mengi. Lazima libaki moja, mengine yaondolewe, ama sivyo yatanyongana. Hilo la kuchagua siwezi kukufanyia, abti. Usiniambie hata kwa barua.

Barabara ikifunguka, njoo.

Hasna


Galbet, Garissa
14 Aprili 1998

Kwa Abti Hasna, huko Nairobi kwenye mafunzo ya walimu,

Waaleikum salaam. Ndiyo, umesoma vizuri hapo juu. Niko Galbet. Nimekuja na lori la Abdow, tumekwama matopeni mara nyingi kuliko tulivyosali, nikafika siku ya Idd ya kuchinja, nikakuta wewe umeondoka. Weris alifungua mlango, akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni, akasema, "Umezeeka." Halafu akanishika asiniachie. Sasa ananilisha kama anataka kuniuza.

Siku ya kwanza sikwenda. Siku ya pili nilifika mlangoni nikarudi. Siku ya tatu Weris alinitangulia na fimbo yake, akasimama kando. Nikafungua. Ndani mna vumbi na popo. Nililia, Hasna, na ilikuwa vizuri.

Machipukizi niliyatazama asubuhi nzima. Qali alikuja, akanisalimu kwa heshima, akanishauri niache lile lililo mbali na ukuta, kwa sababu lililo karibu litakua na kuuvunja. Ana haki kabisa, hata mimi ningemwambia mtu mwingine hivyo. Lakini lililo karibu ndilo lililonyooka, na ndilo lililo jirani ya mahali mti wa zamani uliposimama. Nikaondoa mengine yote. Hilo nikalipaka mavi kwa mikono yangu, Sabirin akakimbia.

Kisha nikamwita fundi, kijana wa Mwingi. Anajenga ukuta mpya, ila si pale ulipokuwa. Nimeurudisha nyuma, ndani ya uwanja wangu, hatua kadhaa. Chipukizi sasa liko nje, barabarani, kwenye safu na wenzake, watu wakija kukaa wasihitaji kubisha hodi kwa mtu. Bare alisimama akatazama kamba ya fundi, asiamini macho yake, akamwambia fundi kwa Kiswahili chake, "Wewe fundi, hii mzee nakuonyesha fibaya. Bloti yake nakuwa dogo!" Fundi akanitazama mimi. Nikamwambia aendelee kuchimba.

Jikoni kwa Nurto patabaki finyu kidogo, lakini kwa mtu mmoja panatosha. Ngamia nimemwachia Abdow na nduguze mpaka nitakapotuma neno, na sijui nitatuma lini. Rudi upesi, abti yangu. Fundi ni mvivu, dada yangu ni mkali, na kuna matofali mengi ya kubeba.

Hirsi